Upili si udhalili: Mwana Kupona na vyanzo vya kamusi elezo

Majuzi alinijia ofisini mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili akiwa amefura kwa hasira. Nilimwonyesha kiti, hakukaa. "Prof, wamenifutia!" akasema, akanisogezea simu yake nijionee mwenyewe. Alikuwa ameandika makala kuhusu Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya kamusi elezo moja ya mtandaoni. Alikesha usiku tatu akiyapiga msasa. Asubuhi ya nne akakuta wahariri wa kujitolea wamemwondolea aya nne za katikati, na mahali pake wameacha neno fupi: makala yanategemea chanzo cha msingi, tafadhali tumia vyanzo vya upili.

"Sasa Prof, hebu niambie," akaendelea, "mimi nimeusoma utendi wenyewe, ubeti kwa ubeti. Wao wanataka niwanukuu watu waliousoma baadaye, tena wengi wao Wazungu. Ni nani amjuaye Mwana Kupona kuliko Mwana Kupona mwenyewe?"

Nakiri swali lile lilinikwama kooni. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimesimama mbele ya wanafunzi nikiwahimiza jambo moja: nendeni kwenye matini! Msiniletee kauli za fulani na fulani, nileteeni ubeti. Leo mwanafunzi amenitii, na utiifu wake umemponza. Nikamwomba anipe wiki moja. Makala haya ndiyo jawabu langu kwake, na kwa vijana wengine wengi wanaoandika makala za kamusi elezo kwa Kiswahili bila malipo wala shukrani, kisha wakaona jasho lao likifutwa kwa kubofya mara moja.

Tuanze na istilahi zenyewe, maana naona kosa la kwanza limejificha humo. Neno "upili" linawatia watu wetu shaka. Wanalisikia kama kwamba ni daraja la chini, mtumba, kitu kilichopita mikononi mwa wengine. Lakini hebu tujiulize: mzazi wa Kenya anayeuza mbuzi mwezi Januari ili mwanawe aingie shule ya upili, je, humlilia mtoto kwa kuwa ameporomoka kutoka shule ya msingi? Haiwezekani! Msingi ndio unaoanza na upili ndio unaojengwa juu yake. Upili si udhalili. Ni hatua ya pili, basi.

Chanzo cha msingi ni kile kilichozaliwa ndani ya tukio au zama tunazozizungumzia: utendi, barua, shajara, hati ya korti, ripoti ya mkutano, kifungu cha sheria, mahojiano na aliyeshuhudia. Chanzo cha upili ni kazi ya mtu aliyekaa pembeni akavikusanya vya msingi, akavilinganisha, akavipima, kisha akatoa hukumu na kuitia saini yake. Kitabu cha historia ni chanzo cha upili, na vivyo hivyo tasnifu na makala ya uhakiki. Kamusi elezo yenyewe huja nyuma ya hivi viwili. Kazi yake ni kumweleza msomaji wa kawaida, kwa ufupi, kile ambacho waliopima tayari wamekipima.

Kwa nini basi kamusi elezo za mtandaoni zivikazanie vya upili? Jibu limo katika swali la amana. Ensaiklopidia za zamani, kama Britannica iliyoanza kule Edinburgh mwaka 1768, zilikuja kujenga desturi ya kuwapa wataalamu makala wayaandike na kutia herufi za majina yao chini. Msomaji alimwamini mtaalamu. Wikipedia ilipoanza mwaka 2001, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003, mambo yaligeuka. Pale huandika yeyote, mwenye shahada na asiye nayo, kwa jina lake au kwa jina la kupanga. Uprofesa wangu haununui hata sentensi moja. Siwezi kupiga kifua na kuuliza, "Unajua mimi ni nani?" Hawajui, na hawana haja ya kujua. Maadamu mwandishi hajulikani, amana imehamishwa kutoka kwake ikawekwa katika chanzo anachokitaja. Ndipo likaja sharti kwamba usilete humu utafiti wako mpya wala fasiri yako ambayo haijachapishwa popote.

Hata hivyo, sharti hilo halikatazi vyanzo vya msingi, na hapa ndipo wanaoandika na wanaofuta wanapojikwaa pamoja. Linachosema ni kwamba chanzo cha msingi kitumiwe kwa jambo la wazi, ambalo msomaji yeyote aliyesoma anaweza kulithibitisha kwa kukifungua tu. Nikiandika kwamba Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, Katiba yenyewe inatosha. Nitamnukuu profesa wa nini? Lakini nikiandika kwamba Katiba hiyo ilibadilisha hali ya Kiswahili katika ofisi za serikali, Katiba hainifai tena. Sheria husema inachotaka kiwe. Haishuhudii kilichokuwa. Hapo nahitaji mtu aliyekwenda ofisini akachunguza, akahesabu na akachapisha.

Kwa hivyo swali la mwanafunzi wangu, chanzo kipi ni bora, lilikuwa na hitilafu tangu mwanzo. Hakuna chanzo bora hivi hivi, hewani. Kila sentensi hudai chanzo chake. Hebu turudi kwa Mwana Kupona tukajaribu sentensi nne.

Sentensi ya kwanza: "Katika utendi huu, mama anamwita bintiye akae karibu naye na wino na karatasi, akimweleza kuwa maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima." Hili limo katika beti za mwanzo. Aliye na kitabu atalisoma. Chanzo cha msingi kinatosha, mradi utaje ni toleo gani ulilolitumia. Nitarudi kwenye sharti hili la toleo, maana lina uzito kuliko linavyoonekana.

Sentensi ya pili: "Utendi ulitungwa mwaka 1858." Hii inaonekana nyepesi kuliko zote, kumbe ina mtego. Utendi wenyewe hautaji 1858. Unataja, karibu na mwisho wake, mwaka 1275 wa Hijria. Mwaka huo wa Hijria ulianza Agosti 1858 ukaisha Julai 1859. Kwa hivyo Mwana Kupona huenda aliimaliza kazi yake mwaka 1858, na huenda ikawa 1859. Lakini fungua vitabu na tovuti: 1858, 1858, 1858. Mtu akiona vyanzo kumi vinakubaliana hudhani ana mashahidi kumi. Kumbe ni shahidi mmoja aliyepiga hesabu ya haraka, na tisa waliomnakili. Hapa chanzo cha msingi kinatuokoa kutokana na uvivu wa vile vya upili. Njia ya haki ni kuandika "mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858/1859", kisha kukitaja kitabu cha upili kinachoueleza ubeti huo. Kugeuza kalenda si utafiti mpya. Ni hesabu ambayo yeyote anaweza kuirudia.

Sentensi ya tatu: "Mwana Kupona alikuwa mke wa Sheikh Mataka wa Siyu, aliyeukabili kwa silaha utawala wa Zanzibar." Katika utendi mtunzi anamtaja mumewe kwa mapenzi na kumwombea rehema, lakini vita vya Siyu hutavikuta humo. Ukitaka siasa za Siyu, Pate na Zanzibar za karne ya 19, huna budi kwenda kwa wanahistoria waliozilinganisha habari za familia na nyaraka za dola. Hili ni la upili moja kwa moja.

Sentensi ya nne ndiyo iliyomletea mwanafunzi wangu balaa. Aliandika: "Utendi wa Mwana Kupona ni uasi uliofichwa ndani ya lugha ya utiifu." Akaitetea sentensi hiyo kwa aya nne za beti alizozichagua mwenyewe. Ni mama anayemuusia binti, alisema, bila mwanamume kati yao. Ni mwanamke aliyeshika kalamu na kuwakaribisha wanawake wenziwe wausome utendi wake. Mume anatajwa wa mwisho katika zile radhi tano, baada ya Mungu, Mtume, baba na mama. Kama ingekuwa insha ya darasani, ningempa alama ya juu bila kusita. Ni usomaji mzuri. Ila ni usomaji wake yeye, na kamusi elezo si mahali pa kuuzindulia.

Jambo lililonisikitisha zaidi ni hili. Nilimuuliza, "Umeisoma makala ya Ann Biersteker ya mwaka 1991?" Akatikisa kichwa. Katika makala hiyo Biersteker aliutazama upya utendi huu kwa kuzingatia lugha, ushairi na mamlaka, akahoji mazoea ya kuusoma juujuu kama mwongozo wa utiifu wa mke. Yaani mwanafunzi wangu alikuwa na mwenzake, tena aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakujua. Angemtafuta, aya zake zingekuwa na nguzo ya kuegemea. Angeandika kwamba yupo mhakiki aliyesoma hivi, na wapo waliosoma vile, na msomaji angepewa mjadala badala ya tamko. Tukidhani chanzo cha upili ni bawabu wa kutuzuia mlangoni, tunasahau kwamba mara nyingine ni mwenyeji anayetungojea ndani.

Kisha nikamuuliza swali la pili, na hili halikumfurahisha. "Mbona sioni beti kuhusu watumwa?" Katika utendi huu mama anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Ubeti upo, haufichiki. Mwanafunzi wangu alikuwa ameuruka. Hakudanganya hata kidogo. Kila alichokinukuu kilikuwa kweli. Lakini alikuwa anajenga sanamu ya shujaa, na ubeti ule haukuingia katika umbo la sanamu. Basi kuchagua beti ni kufasiri. Mtu husema, "Sikutia maoni yangu, nimenukuu tu," kumbe maoni yake yote yamo katika alichokiacha. Hii ndiyo hatari kubwa ya kuandika kamusi elezo kwa chanzo cha msingi peke yake: matini haikatai. Ukiikata hapa na pale itanyamaza kimya. Mhakiki mwenzako ndiye atakayepiga kelele.

Na ubeti huo wa watumwa hauelezeki kwa kuunukuu tu. Msomaji wa leo ataushtukia, naye ana haki. Mtunzi alikuwa mwanamke wa tabaka la juu katika mji wa Waswahili wa karne ya 19, na utumwa ulikuwa sehemu ya maisha ya nyumba za tabaka hilo. Ili kulieleza hilo unahitaji kazi za historia ya jamii. Kiko, kwa mfano, kitabu cha Margaret Strobel cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, kinachofuatilia uhusiano wa tabaka na jinsia tangu mwaka 1890. Lakini hata hapo mtu awe macho, maana Mombasa ya 1890 si Siyu ya 1858. Chanzo cha upili nacho kina mipaka ya mahali na wakati wake, na anayekivuta nje ya mipaka hiyo amefanya kosa lile lile la mwanafunzi wangu, ila kwa njia nyingine.

Sasa nisije nikaonekana namvua nguo kijana wa watu huku mimi nimejitanda kanzu nyeupe. Miaka mingi iliyopita niliombwa niandike maelezo mafupi kuhusu Mwana Kupona kwa ajili ya kitabu kimoja cha marejeleo. Nilikuwa na haraka, kama kawaida yetu. Nilichukua vitabu viwili vya Kiingereza vilivyokuwa mezani, nikaandika kwamba ni utendi wa mwaka 1858 unaofundisha wajibu wa mke kwa mumewe, nikatuma. Utendi wenyewe sikuufungua. Nilijiambia naujua. Baada ya kuchapishwa, bibi mmoja wa Lamu niliyekutana naye katika hafla ya kitamaduni aliniuliza kwa upole uliouma kuliko tusi: "Mwanangu, na zile dua je?"

Nilirudi nyumbani nikausoma tena. Kweli. Beti za mwisho za utendi huu, tena si chache, ni dua. Mama anajiombea, anawaombea wanawe na jamaa zake, anawaombea Waislamu. Ni mgonjwa anayejiandaa kuondoka duniani. Mwenye kuusoma wote hawezi kuuita tu kitabu cha adabu za ndoa. Mimi nilikuwa nimeupunguza ukawa hivyo, na si kwa sababu vyanzo vyangu vilisema uongo, bali kwa sababu sikuvilinganisha na matini. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha utendi huu na kuupa jina la Kiingereza lenye maana ya "Wasia wa Mwana Kupona juu ya Wajibu wa Mke". Jina hilo la jalada ndilo lililonisomea utendi. Nami nikawasomea wengine.

Kwa hivyo kosa langu na la mwanafunzi wangu ni ndugu wa tumbo moja. Yeye alishika msingi akaacha upili. Mimi nilishika upili nikaacha msingi. Yeye alifutwa asubuhi ya nne. Mimi nilichapishwa, na huenda maneno yangu yale yangali yananukuliwa mahali fulani. Niambie, ni kosa lipi lililo na madhara zaidi?

Kitabu hicho cha 1934 kinatufundisha jambo jingine. Ukiandika makala kuhusu Mwana Kupona, kitabu cha Werner na Hichens ni chanzo cha upili kwa yale waliyoyaeleza na kuyafasiri. Lakini ukiandika makala kuhusu namna wataalamu wa enzi ya ukoloni walivyomtazama mwanamke wa Kiswahili, kitabu kile kile kinakuwa chanzo cha msingi, na jina lake la jalada linakuwa ushahidi. Ni sawa na kamusi ya Krapf ya mwaka 1882. Anayetafuta maana ya neno kwa matumizi ya leo asikimbilie huko. Anayetaka kujua Kiswahili cha Mombasa kilivyosikika masikioni mwa mgeni wa karne ya 19 hana budi kuifungua. Msingi na upili si mihuri iliyopigwa mgongoni mwa kitabu. Ni uhusiano kati ya kitabu na swali ulilokuja nalo.

Sasa nirudie lile suala la toleo. Mwanafunzi wangu alisema amesoma "utendi wenyewe". Nikamuuliza ni upi. Akautaja ule uliomo katika Tenzi Tatu za Kale, kitabu alichokihariri Mulokozi mwaka 1999. Kizuri, nami hukitumia darasani. Lakini kabla ya Mulokozi alikuwapo J.W.T. Allen mwaka 1971, na kabla yake hao Werner na Hichens, na nyuma yao wote wapo waandishi wa miswada kwa hati za Kiarabu. Kule Lamu, Muhamadi Kijumwa, mshairi na mwandishi hodari, alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya. Na anayenakili ana sikio lake, ana kumbukumbu yake, na mkono wake huteleza. Hati ya Kiarabu ikigeuzwa kuwa ya Kirumi, mhariri huamua irabu ipi iwekwe wapi. Kwa hivyo kile tunachokiita chanzo cha msingi kimetufikia baada ya kupita mikononi mwa watu. Sisemi kisiaminiwe. Nasema kitajwe kwa jina la toleo na mhariri, ili mwenye toleo jingine ajue kwa nini ubeti wake unatofautiana na wako.

Tena ipo lugha. Kanuni inasema jambo liwe wazi kwa msomaji yeyote aliyesoma. Mwana Kupona anaandika kwa lahaja za kaskazini, ambako nchi ni "nti", njia ni "ndia" na macho ni "mato". Mwalimu hodari wa Kiswahili kutoka Kitale au Kisii, aliyesomea Kiswahili sanifu tangu darasa la kwanza, anaweza kuupotosha ubeti bila kujua. Jambo ambalo kwa mzee wa Lamu ni wazi kama mchana, kwake ni fumbo. Hapo hata sentensi nyepesi ya kueleza ubeti unasema nini huhitaji tanbihi ya mhariri au kamusi ya lahaja, na tanbihi ni chanzo cha upili.

Nimebakisha lile lililomuuma mwanafunzi wangu zaidi, nalo linaniuma na mimi: "tena wengi wao Wazungu". Si chuki ile, ni hesabu. Orodha ya waliomwandikia Mwana Kupona kitabu au makala ndefu imejaa majina ya kigeni na lugha ya kigeni. Hata wenyeji walipoandika kuhusu washairi wetu, mara nyingi waliandika kwa Kiingereza. Kitabu kikubwa cha Mohamed Abdulaziz kuhusu Muyaka, kilichotoka hapa Nairobi mwaka 1979, ni hazina, lakini uchambuzi wake umo katika Kiingereza. Kamusi elezo ya Kiswahili inaruhusu kunukuu vyanzo vya Kiingereza, na ni sawa. Ila msomaji wa Faza au wa Vanga akitaka kuthibitisha, ataanzia wapi? Vitabu vingine havipo hata katika maktaba za kaunti, seuze nyumbani kwake.

Na hapo nisimlaumu mhariri wa mtandaoni. Niwalaumu wenzangu, na mimi nikiwa safu ya mbele. Tumeandika kwa Kiingereza kwa sababu ndiko vyeo viliko. Kwa Kiswahili tumeacha vitabu vya kiada na miongozo ya mitihani. Kisha kijana anapotaka kuandika makala ya kamusi elezo kwa lugha yake, anakuta msingi upo, ule utendi, na mtandao upo, lakini katikati hakuna ngazi. Anaruka. Anaanguka. Nasi tunamwambia, "Kanuni ni kanuni."

Yako pia maarifa ambayo hayajafika hata kwenye karatasi. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alijua juu ya tenzi, vyombo vya bahari na msamiati wa pwani mambo ambayo watafiti wengi walimwendea kuyauliza. Aliacha vitabu vyake, Sambo ya Kiwandeo kimojawapo, lakini mengi aliyoyasema yamebaki katika tanbihi za wengine na katika kumbukumbu za waliokaa naye barazani. Kijana hawezi kuandika katika kamusi elezo "niliambiwa na mzee". Si kwamba mzee haaminiki. Ni kwamba msomaji wa kesho hawezi kumwendea mzee huyo akamuuliza. Dawa yake ni kumrekodi mzee, kumwandika, na kuyachapisha kwanza pahali pengine, katika jarida au katika kurasa kama hizi, ndipo kamusi elezo iyachukue kutoka hapo.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya wiki kama tulivyoagana. Safari hii alikaa. Tuliyapitia makala yake sentensi kwa sentensi, tukiiuliza kila moja: wewe unadai nini, na ni nani wa kukudhamini? Beti zilizoeleza yaliyomo zilibaki, na toleo likatajwa. Mwaka ukawa 1275 wa Hijria, yaani 1858/1859. Habari za Siyu zikapewa mwanahistoria. Usomaji wa uasi ukaandikwa kama usomaji uliopo, ukatajwa mwenye kuutoa, na pembeni yake ukawekwa ule wa kimapokeo. Ubeti wa watumwa ukaingia. Dua nazo zikaingia, na hizo nilizidai mimi, kwa sababu ya bibi yule wa Lamu.

Zile aya zake nne za fasiri hatukuzitupa. Nilimwambia azikuze, azipambanishe na Biersteker, asiogope ubeti wa watumwa, azipeleke katika jarida, na aziandike kwa Kiswahili. Zikichapishwa, yeye mwenyewe atakuwa chanzo cha upili. Aliposikia hivyo akacheka, mara ya kwanza tangu aingie na hasira zake. Sidhani kama siku hiyo atanilalamikia kwamba ameshushwa daraja.